Bobby Heenan, manajeri aliyelipwa ili achukiwe

Tarehe 17 Septemba 2017, katika mji wa Largo, jimbo la Florida nchini Marekani, alifariki mzee wa miaka 72 ambaye kwa muda mrefu hakuweza tena kusema vizuri. Kansa ya koo ilikuwa imemnyanganya sauti, kisha matibabu yake yakamwachia taya iliyoharibika na uso ambao watu walishindwa kuutambua. Jina alilopewa na wazazi ni Raymond Louis Heenan. Wapenzi wa mieleka ya kulipwa, ule mchezo ambao sisi huku tunauita kachi, walimjua kama Bobby Heenan, na jina lake la kazi lilikuwa The Brain, yaani Ubongo.

Yeyote aliyewahi kuangalia kanda za zamani za mieleka ya Marekani amemwona, hata kama hakulijua jina lake. Ni yule mzungu wa nywele za manjano na koti la kung'aa, anayesimama kando ya ulingo akipiga makelele, anamvuta mwamuzi mkono, anampa mtu wake kitu cha kupigia adui, na mambo yakiharibika anakuwa wa kwanza kukimbia. Hakuwa mkubwa wa mwili wala bingwa wa dunia. Lakini wanamieleka wengi na waandishi wa mchezo huo wanamweka mbele ya mameneja wote waliowahi kutokea, na wengine wanamweka mbele ya watangazaji wote pia. Mtu mmoja kushika nafasi hizo mbili, hiyo ni kitu nadra.

Alizaliwa tarehe 1 Novemba 1944 mjini Chicago. Baba hakuwepo nyumbani. Bobby alilelewa na mama yake na nyanya yake, na alipofika darasa la nane aliacha masomo ili atafute pesa ya kuwasaidia wanawake hao wawili. Kazi ilipatikana kwenye kumbi za mieleka: kubeba mabegi ya wapiganaji, kupokea makoti yao wanapopanda ulingoni, kuuza vinywaji kwa watazamaji. Hakuna shule nyingine aliyosoma. Kijana anayeuza soda ukumbini anaona kitu ambacho mpiganaji haoni: anaona nyuso za watu. Anajua ni dakika gani wanasimama, ni dakika gani wanakaa, na ni mtu gani wanayetamani apigwe.

Mwaka 1965, akiwa na miaka 20 tu, alianza kazi ya umanajeri katika chama cha mieleka cha Indianapolis, chini ya Dick the Bruiser, mpiganaji aliyekuwa pia mmoja wa wenye chama hicho. Alijiita Pretty Boy, Kijana Mrembo, jina la kutafuta uchokozi. Tangu siku hizo za mwanzo aliwekwa upande wa wabaya, na kwa karibu miaka yote iliyofuata hakutoka huko.

Hapa inafaa kueleza kazi ya manajeri, maana kwenye ngumi au mpira manajeri ni mtu wa mikataba na pesa. Kwenye mieleka ni mchezaji wa jukwaani. Matokeo ya pambano hupangwa kabla, jambo ambalo leo hata mtoto anajua, lakini miaka ya 1960 na 1970 lilikuwa siri iliyolindwa sana. Manajeri mbaya ana kazi tatu. Anasema kwa niaba ya mpiganaji asiyejua kusema. Anaiba ushindi, ili watu waamini kwamba mtu wao hakushindwa, alidhulumiwa. Halafu, mwishoni kabisa, anakamatwa na kupigwa, ili waliolipa tiketi warudi nyumbani wameridhika. Kazi ya tatu ndiyo inayoumiza. Heenan alijua kuanguka kuliko wapiganaji wengi wenyewe: akiguswa kidogo aliruka kama aliyegongwa na lori, na kwa kufanya hivyo alimfanya aliyemgusa aonekane mwenye nguvu za ajabu.

Watu wa enzi hizo waliamini wanachokiona, kwa hiyo chuki yao ilikuwa ya kweli. Mwaka 1975, mjini Chicago, mtazamaji mmoja alitoa bastola katikati ya onyesho na kumpigia Heenan risasi. Zilimkosa, zikajeruhi watazamaji wengine waliokuwa karibu. Huo ni mji wake wa kuzaliwa. Msomaji apime mwenyewe: kijana aliyeacha shule ili alishe familia anafanya kazi yake vizuri kiasi kwamba mtu analeta silaha ukumbini kumwondoa duniani. Heenan aliendelea na kazi.

Wakati huo alikuwa ameingia AWA, chama kikubwa cha mieleka cha Minneapolis kilichoongozwa na Verne Gagne. Huko alikutana na Nick Bockwinkel, mpiganaji mtaratibu, mwenye maneno ya msomi na nidhamu ya askari. Wawili hao walikuwa kama kinu na mchi. Novemba 1975 Bockwinkel alimshinda Gagne na kuchukua mkanda wa ubingwa ambao Gagne alikuwa ameushika kwa miaka 7, na akakaa nao hadi 1980. Usiku mwingi wa ubingwa huo Heenan alikuwa pembeni, akitafuta njia ya kuuokoa. Mbinu waliyoipenda ilikuwa nyepesi. Sheria ilisema bingwa hapotezi mkanda akifukuzwa mchezoni kwa kosa. Basi kila Bockwinkel alipokaribia kushindwa, Heenan aliingia ulingoni kufanya kosa. Pambano linavunjwa, adui anatangazwa mshindi, mkanda unabaki palepale. Watazamaji walikasirika hadi kulia, na wiki iliyofuata walinunua tena tiketi.

Katika miaka hiyo mashabiki walimwita kicheche, yule mnyama mdogo mwembamba anayeingia usiku kwenye banda la kuku. Neno hilo lilimfuata hadi mwisho. Kumbi nzima ziliimba jina hilo akitokea, na yeye alijifanya hasikii, kisha anageuka na kujibu kwa hasira. Walibuni hata mapambano ambayo akishindwa anavalishwa vazi la kicheche mbele ya watu. Mwaka 1988 Ultimate Warrior alimfanyia hivyo pale Madison Square Garden mjini New York. Akiamka na kujikuta amevalishwa manyoya na mkia, alikimbia huku na huku akipambana na vazi lenyewe kana kwamba ni mnyama aliyemkamata. Mtu mwenye majivuno ya kweli asingekubali jambo hilo. Yeye alilifanya vizuri kuliko mapambano mengine mengi.

Mwaka 1984 alihamia WWF ya Vince McMahon, chama kilichokuwa kinanunua wachezaji wa nchi nzima na kuvunja vyama vya mikoa kimoja kimoja. Wengi walimwacha Gagne ghafla, bila kuaga. Heenan alikuwa mmoja wa wachache waliomaliza siku zao za mkataba kabla ya kuondoka. Nadhani hilo linasema mengi juu ya mtu ambaye kila wiki aliigiza mwongo na msaliti.

Huko WWF alikusanya kundi lililoitwa Heenan Family, Familia ya Heenan. Walipita humo Big John Studd, King Kong Bundy, Paul Orndorff, Harley Race, Hercules, Haku, Rick Rude, Curt Hennig aliyejulikana kama Mr. Perfect, na wengine. Kazi ya wote ilikuwa moja: kumtafuta Hulk Hogan, kipenzi cha watoto wa Marekani, na kushindwa naye mbele ya watu wengi iwezekanavyo. Heenan alifika mwaka 1984, lakini mtu wake wa kwanza kuchukua mkanda wowote wa WWF alikuwa Rick Rude, Aprili 1989 kule Atlantic City, tena kwa sababu Heenan alimshika miguu Ultimate Warrior asiweze kujinasua. Miaka 5 ya kushindwa, na bado kila mtu alimwita Ubongo. Hilo lenyewe lilikuwa kichekesho, na yeye ndiye aliyelicheza kwa uso mkavu kabisa.

Pambano kubwa kuliko yote katika maisha yake lilifanyika tarehe 29 Machi 1987 katika uwanja wa Pontiac Silverdome, karibu na Detroit. WWF ilitangaza watazamaji 93,173. Hogan alikutana na André the Giant, Mfaransa André Roussimoff, jitu lililotangazwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 2.20 na uzito wa zaidi ya kilo 230. Kwa miaka mingi André alikuwa mtu wa kupendwa, rafiki wa Hogan. Ili watu wakubali kwamba amegeuka, alihitajika mtu wa kumpotosha, na hakuna aliyefaa zaidi ya Heenan. André alikuwa na mgongo mbovu uliokwisha kufanyiwa upasuaji, na hakuwa msemaji mkubwa wa Kiingereza. Heenan alisema badala yake kwa wiki nyingi. Siku yenyewe wawili hao waliletwa hadi ulingoni juu ya kigari kidogo, ili jitu lisitembee mbali, na njia nzima watu waliwatupia takataka. Heenan, katika koti lake jeupe, alikaa kifua mbele kama anayepokewa na wananchi wake.

Hogan alimwinua André na kumbwaga chini. Picha hiyo ilizunguka dunia. Ukiangalia kanda yake, mwangalie Heenan kando ya ulingo wakati huo: anashika kichwa kama aliyepata habari ya msiba. Nguvu za Hogan tulizielewa kwa kuona uso wa Heenan.

Lakini kuna watu waliompenda zaidi akiwa ameketi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 aliendesha kipindi cha televisheni Prime Time Wrestling pamoja na Gorilla Monsoon, na wawili hao walitangaza pia mapambano mengi makubwa. Monsoon, jina lake halisi Robert Marella, alikuwa mpiganaji mstaafu, mtu mzito wa mwili na wa tabia. Sisi Wakongomani tuna njia ya kumfahamu: Juni 1976, miaka isiyofika 2 baada ya kumwangusha George Foreman hapa kwetu Kinshasa, Muhammad Ali alipanda ulingo wa mieleka kule Philadelphia kutafuta ugomvi, na Monsoon alimweka mabegani, akamzungusha hewani na kumwangusha chini. Ndiye huyo.

Utangazaji wao ulikuwa mazungumzo ya ndugu wawili wasioelewana. Monsoon aliona kosa, akalisema. Heenan, ambaye macho yake yalikuwa mazima, aliapa kwamba hakuona kitu. Mpiganaji mbaya akivunja sheria, alikuwa na maelezo: labda anamsaidia mwenzake kusimama, labda anamtafutia kitu alichoangusha. Wapenzi waliokaa ukumbini aliwaita majina kana kwamba si watu kamili. Monsoon alichoka, akamnyamazisha, akamtisha, na huku ukisikiliza vizuri unasikia anazuia kicheko. Hawakuandikiwa maneno hayo. Heenan aliyatoa kichwani hapo hapo, kwa kasi, na alijua pia wakati wa kunyamaza, jambo ambalo watangazaji wengi wa mpira siku hizi hawalijui, hata wa kwetu.

Usiku unaotajwa zaidi ni Januari 1992, mjini Albany, katika Royal Rumble, pambano la watu 30 wanaoingia mmoja mmoja. Ric Flair, aliyeletwa WWF kwa maneno ya Heenan, aliingia wa 3. Kuingia mapema ni karibu sawa na kuhukumiwa. Flair alibaki ulingoni kwa saa nzima na kushinda, na kwa saa hiyo nzima Heenan kwenye maikrofoni alipitia kila hali ya mwanadamu: alikata tamaa, akaomba, akamtukana mpiganaji aliyemgusa Flair, kisha mpiganaji huyohuyo alipomsaidia Flair bila kukusudia, akamsifu na kumwomba radhi, na dakika iliyofuata akamtukana tena. Pambano lingekuwa refu na la kuchosha. Sauti yake ndiyo iliyolishikilia.

Mwili wake ulikuwa umelipa. Shingo iliumia mapema miaka ya 1980, na miaka yote ya kuanguka iliizidisha, hadi mwaka 1991 akaacha umanajeri na kubaki na maikrofoni tu. Mwishoni mwa 1993 aliondoka WWF. Safari zilikuwa zimemchosha. Kumuaga walitunga kisa: Monsoon anachoka naye, anamkamata na kumtupa nje ya ukumbi pamoja na mizigo yake. Watazamaji walicheka. Heenan alisimulia baadaye katika kitabu chake kwamba usiku huo, hotelini, wawili hao walikumbatiana wakalia.

Mwaka 1994 alijiunga na WCW, chama cha Ted Turner, mwenye CNN. Safari zilikuwa fupi, mshahara mzuri, na kulikuwa na bima ya matibabu, kitu ambacho mwanamieleka wa Marekani hapewi kirahisi. Kwa shingo kama ile, bima ilikuwa sababu tosha. Januari 1996, katika matangazo ya moja kwa moja, Brian Pillman alimkamata ghafla kutoka nyuma kwa koti. Heenan hakuwa ameambiwa. Aliropoka tusi mbele ya nchi nzima na kuondoka mezani, akihofia shingo iliyokuwa imefanyiwa upasuaji. Alirudi na kuomba radhi. Ni moja ya mara chache ambapo watazamaji walimwona yeye mwenyewe, bila igizo.

Miaka ya WCW haikumpa furaha. Aliyeketi karibu naye hakuwa Monsoon, na kipindi kilikuwa na watu wengi wanaosema kwa pamoja. Naona ni haki kusema kwamba kazi yake huko haikufika ile ya zamani, ingawa ndiyo iliyomlipa zaidi. Oktoba 1999 Monsoon alifariki. Miaka 5 kabla, Julai 1994, mwanawe Joey Marella alikuwa amekufa katika ajali ya gari. Ndiye aliyekuwa mwamuzi wa pambano la Hogan na André. Monsoon alikuwa mtu wa chama pinzani, na vyama hivyo viwili vilikuwa vitani, lakini Heenan alimwombolezea hewani kwenye televisheni ya WCW kwa upole ambao haukuwa na mzaha ndani yake. Novemba 2000 WCW ilimwachisha kazi, na miezi michache baadaye chama chenyewe kilinunuliwa na McMahon.

Kansa ya koo iligunduliwa mwaka 2002. Mwaka huohuo kitabu chake cha maisha kilitoka. Wakati huo Familia ya Heenan ilikuwa inakwisha. André alikufa Januari 1993 akiwa na miaka 46. Studd alifuata mwaka 1995, akiwa na 47. Rude mwaka 1999, akiwa na 40. Hennig Februari 2003, akiwa na 44. Hercules alikufa mwanzoni mwa Machi 2004, akiwa na 47. Mzee wa kundi, yule dhaifu aliyejificha nyuma yao, alibaki kuwazika.

Siku chache baada ya kifo cha Hercules, tarehe 13 Machi 2004, Heenan aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya WWE, yaani WWF kwa jina lake jipya, mjini New York. Alikuwa amekonda sana, sauti imebaki nyembamba na ya kukwaruza. Alisimama na kuchekesha ukumbi kwa muda mrefu, hakumwacha salama mwanamieleka hata mmoja aliyeketi mbele yake. Alipofika mwisho aliacha mzaha na kusema alikosa kitu kimoja tu usiku ule, Monsoon awepo. Watu wazima wenye shingo kama za fahali walifuta machozi.

Desemba 2007 alifanyiwa upasuaji wa kujengwa upya taya. Haukwenda vizuri, aliwekwa katika hali ya kupoteza fahamu, na alipozinduka maneno yake yalikuwa magumu kufuata. Bibi yake Cindy na binti yao Jessica walibaki naye. Ilipowezekana aliendelea kwenda kwenye mikutano ya wapenzi wa mieleka, mwembamba, uso umebadilika, akitia saini picha za siku alipokuwa na nywele za manjano. Waliopanga mstari mbele ya meza yake walikuwa watu wa makamo. Utotoni walikuwa wamepaza sauti kumwita kicheche, na wengine walitaka waliite tena jina hilo mbele yake. Heenan aliwakunjia uso, kama zamani.